"Niandike Ngapi?" Somo kwa Sisi Tunaoingia Kazini



Ndugu zangu katika Uislamu, sisi tunaomaliza masomo mwaka huu tunazijua nguzo za kuuza na kukodisha, na tunaweza kuzitaja usiku wa manane. Lakini swali la kwanza nililoulizwa kazini halikutoka katika mtihani wowote. Aliniuliza muuza duka la vifaa vya ofisi mjini Bujumbura, kalamu mkononi: "Niandike ngapi?"

Nilikuwa kwenye stazi katika ofisi moja, na mkubwa wangu alinituma kununua karatasi na wino wa printa. Bei ilikuwa faranga 180,000. Muuza duka hakuniuliza kwa kunong'ona. Aliuliza kama anayeuliza iwapo unataka mfuko. Nilimpigia simu mkubwa wangu, akasema iandikwe 230,000. Nikarudi na faktura. Katika zile 50,000 zilizozidi nilipewa 15,000, nikaambiwa ni pesa ya fanta. Nikazipokea. Sikusema kitu. Basi msisome somo hili kama la mtu aliyefaulu jaribio lake.

Nyumbani kwetu ni Buyenzi, mtaa wa avenyu za namba, misikiti na magereji. Baba yangu ni fundi wa magari. Tangu utotoni namwona akifanya jambo moja: akibadilisha kipuri, kile kibovu hukifuta mafuta na kumpa mwenye gari mkononi, hata kama mwenyewe hakitaki. Jioni ile nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema, "Mwanangu, mwenye gari haingii chini ya gari pamoja nami." Kisha akaendelea kula. Mimi sikuweza kumaliza chakula changu.

Fundisho la kwanza: amana hujulikana pale mwenye mali asipokuona.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Allah anatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Na Muslim amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwa muuza nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya hayumo pamoja naye. Faktura yangu ilikuwa lundo lile lile: juu pakavu, ndani maji.

Fundisho la pili: jina zuri halibadilishi hukumu.

Sisi husema fanta, wenzetu wa Tanzania na Kenya husema chai. Hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inatutosha. Alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema hizi ni zenu na hizi nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari na kuuliza: kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi ingemfikia? Hiki ndicho kipimo cha kubeba mfukoni. Kama ningekuwa nimekaa Buyenzi bila kazi ile, kuna ambaye angeniletea zile 15,000?

Fundisho la tatu: uwezo nao ni amana.

Katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, yule binti alipomshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Na Yusuf (a.s.), katika aya ya 55 ya sura yake, alipoomba kusimamia hazina za nchi alijitaja kuwa ni mlinzi na mwenye ujuzi. Hakutosheka na moja. Kwa hiyo anayeandika kwenye CV lugha asiyoizungumza, au anayeandikiwa memwari na mtu mwingine, ameanza kazi kwa kuvunja amana kabla hajalipwa mshahara wa kwanza. Na anayetumia swala ya adhuhuri kupotea ofisini saa mbili anamwibia mwajiri wake, tena anaisingizia dini. Omba ruhusa waziwazi, swali, urudi.

Fundisho la nne: usinunue mlango.

Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Wapo wanazuoni waliomruhusu mtu kutoa mali ili kukomboa haki yake iliyozuiliwa, dhambi ikabaki kwa mpokeaji. Lakini tusijifiche hapo. Nafasi inayogombewa na watu 50 bado si haki yako. Ukiinunua, umeichukua kwa aliyestahiki.

Nilifanyaje? Baada ya siku tatu nilimwendea mwalimu wetu wa fiqhi. Alinikumbusha masharti ya toba waliyoyataja wanazuoni, akiwemo Imam an-Nawawi katika Riyadh as-Salihin: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa kuna haki ya mja, kumrudishia. Sharti la nne ndilo zito. Nilimrudishia mhasibu zile 15,000 na kumwambia bei niliyolipa dukani. Alinitazama kwa muda, akaandika, akanishukuru bila kutabasamu.

Stazi ilipokwisha, mkataba niliokuwa nimeahidiwa haukuja. Mama, aliyekwisha kuwaambia majirani, alinyamaza siku mbili. Sina kisa cha kuwaambia kwamba wiki iliyofuata nilipata kazi bora. Bado natafuta. Kila ninaporudi kwenye kisa cha Yusuf naona kwamba uaminifu wake ulimfikisha gerezani kabla ya kumfikisha kwenye hazina. Na Surat At-Talaq, aya za 2 na 3, imemwahidi mcha Mungu njia ya kutokea na riziki asiyoitarajia, haikutaja tarehe.

Kwa hiyo nawausia jambo moja kabla ya kuanza kazi. Kaeni na wazazi wenu mapema, muwaambie kwamba huenda mkaleta nyumbani kidogo kuliko wanavyotarajia, na sababu yake. Mimi nilichelewa kulisema, na ukimya wa mama ulikuwa mgumu kuliko swali la muuza duka. Siku ya tatu aliniita jikoni, akanipa sahani yangu, akasema, "Kula. Hiki ni cha baba yako, nakijua kilikotoka."

Na kwa halaqa yetu ijayo, kila mmoja aje na jibu la swali hili: ukiulizwa leo "niandike ngapi?", na mkubwa wako yuko kwenye simu, utasema nini?

Ewe Allah, tutosheleze kwa halali Yako, utuepushe na haramu Yako. Aamin.