Viungo Vinauma Tangu Nijifungue, Mama Mkwe Asema Sikukandwa

Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 31 na watoto wawili, wa mwisho ana miezi minane. Tangu huyu afikishe miezi mitatu hivi, vidole vya mikono yote miwili vinaniuma na kuvimba, na vifundo vya mikono navyo vivyo hivyo. Nikiamka asubuhi siwezi kukunja ngumi. Kumfunga mtoto vifungo vya shati ni mtihani, na mkasi wa kukatia vitambaa siugusi mpaka saa nne. Nikiteremka kitandani ni kama nakanyaga kokoto. Nilipokuwa mjamzito nilikuwa salama kabisa, ingawa kabla ya hapo vidole vilikuwa vikinisumbua kidogo kidogo.

Mama mkwe anasema baridi imeniingia kwa sababu sikukandwa ipasavyo. Ni kweli, mama yangu aliugua, nikakandwa siku kumi tu badala ya arobaini. Anataka nikandwe upya. Jirani anasema ni gauti, akaniachisha nyama na maharage. Zahanati nikaambiwa nina UTI, nikameza dawa, hali ile ile. Mwishowe muuza dawa mmoja akanifungia vidonge vya aina mbili kwenye bahasha. Shangazi, vile vidonge! Siku ya pili nilishona magauni mawili. Lakini vikiisha, maumivu yanarudi na kuzidi. Sasa ni mwezi wa pili, uso umekuwa wa duara, na mume wangu anasema nimenawiri. Bado nanyonyesha. Je, nikubali kukandwa, niendelee na vidonge, au ndiyo uzee umenianza mapema?

Fundi, Tanga

*

Mwanangu, pole kwa maumivu, na pole zaidi kwa miezi yote hiyo ya kuzungushwa.

Uzee tuuache kando kwanza. Viungo vinavyochakaa kwa umri aghalabu huanza kusumbua kwenye magoti, nyonga na mgongo, na huuma ukivitumia: umepanda ngazi, umebeba ndoo, umeshinda umesimama. Ukikaa vinatulia. Asubuhi hukakamaa kidogo, dakika tano au kumi, nusu saa haifiki, ukipiga hatua chache vinalegea. Wewe mambo yako ni kinyume. Mikono imelala usiku kucha bila kazi, halafu unaamka imekaza mpaka saa nne. Kiungo kinachokaza kwa kupumzika na kulegea kwa kutumika mara nyingi kimevimba kwa ndani. Natamani kila anayepokea wagonjwa wa viungo aanze na swali hilo moja: asubuhi inakuchukua muda gani mpaka vidole vilegee? Halihitaji maabara wala hela.

Sasa itazame mikono yako. Kunja ngumi kadiri uwezavyo, uangalie vile vifundo vinavyotokeza mwanzoni mwa vidole. Kwa asiye na tatizo, kati ya kifundo na kifundo kuna bonde linaloonekana. Kwa aliyevimba bonde limejaa, mgongo wa mkono umesawazika. Kisha mwombe mumeo akushike kiganja, abane vile vifundo vyote kwa pamoja kutoka upande na upande, taratibu. Akibana kidogo tu ukaruka, hilo ni la kumwambia daktari. Angalia pia viungo vya nchani, vilivyo karibu na kucha. Ugonjwa ninaoushuku kwa kawaida hauvigusi hivyo.

Ninashuku baridi yabisi, ile inayotokana na kinga ya mwili. Kinga hii kazi yake ni kupambana na vijidudu, lakini hapa inageuka na kushambulia utando unaofunika kiungo kwa ndani. Utando unavimba, kiungo kinajaa maji, na ukiachwa hivyo kwa muda mrefu unakula gegedu na mfupa mpaka vidole vinapinda. Hushika viungo vidogo, kulia na kushoto kwa pamoja, na chini ya vidole vya miguu, ndizo hizo kokoto zako. Mara nyingi huja na uchovu usioelezeka na upungufu wa damu. Na wala si ugonjwa wa vikongwe tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa nao, na asilimia 70 hivi kati yao walikuwa wanawake.

Nasema ninashuku, kwa sababu kwa barua sithibitishi. Kuna ugonjwa mwingine wa kinga, lupasi, unaoweza kuanza hivi hivi kwa wanawake wa rika lako. Kama nywele zinanyonyoka kwa wingi, kama jua linakutoa vipele mashavuni, au kama mdomoni una vidonda visivyoisha, usiache kuyataja.

Mama mkwe wako sababu ameikosa, ila kalenda ameisoma vizuri. Ugonjwa huu kwa wanawake wengi hutulia wakati wa ujauzito, kisha huibuka au hurudi kwa nguvu katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua, kinga ya mwili inaporejea hali yake. Bibi zetu waliona wazazi wakilemaa mikono baada ya uzazi, wakatafuta kilichobadilika, wakakuta ni maji ya moto yaliyokosekana. Hata aliyekandwa siku arobaini kamili angeweza kuupata. Lakini usimcheke mama wa watu, maana daktari mmoja alianzia kwenye jambo hilo hilo akapata Tuzo ya Nobel.

Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, aliona wagonjwa wake wa baridi yabisi wakipata nafuu wakishika mimba, na wengine wakipata nafuu wakiugua manjano. Akashawishika kwamba mwilini mna kitu kinachoweza kuuzima ugonjwa. Akishirikiana na mkemia Edward Kendall wakakisaka kwa miaka mingi. Septemba 1948 wakamdunga kotisoni mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hata kutembea kwa shida. Baada ya siku chache tu akatoka kwenda kufanya manunuzi mjini. Mwaka 1950 wakapewa Nobel, pamoja na Tadeusz Reichstein wa Uswisi. Haukupita muda mrefu madaktari wakaanza kuona upande wa pili wa dawa ile: uso wa duara, mifupa kudhoofika, sukari na shinikizo la damu kupanda, na ugonjwa kurudi pale pale dawa ikiachwa.

Ndiyo maana umeandika "vile vidonge!" Sijaiona bahasha yako, lakini nafuu ya siku moja na uso wa duara vinaniambia mle ndani mna prednisoloni, ambayo ni ya ukoo mmoja na kotisoni. Cha pili huenda ni diklofenaki. Prednisoloni ni dawa halali, hata bingwa anaweza kukuandikia kwa kiasi kidogo na kwa muda maalumu. Kosa ni kuuziwa bila jina, bila kipimo na bila mwisho. Vikichanganywa viwili hivyo, hatari ya vidonda vya tumbo huongezeka sana. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Usije ukasoma haya ukaitupa bahasha jalalani leo, mwanangu. Mwili uliomeza dawa ya aina hiyo kwa wiki nyingi huacha kutengeneza ya kwake, na ukiikatisha ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, hata kuanguka. Hupunguzwa kidogo kidogo, chini ya usimamizi wa daktari. Mpelekee bahasha yenyewe na vidonge vilivyobaki. Asipoona vidonge atabaki kubahatisha.

Gauti nalo nina shaka nalo sana. Gauti, au jongo, huwapata zaidi wanaume, na wanawake ambao hedhi imeshakoma. Huvamia usiku mmoja, mara nyingi kidole gumba cha mguu, kikawa chekundu mpaka hutaki hata shuka ikiguse, kisha hupoa ndani ya wiki moja au mbili. Nyama nyekundu, maini na bia huichochea. Vidole vya mikono yote miwili kwa mama wa miaka 31 si tabia yake. Rudia maharage yako, unanyonyesha na unayahitaji. Pwani tunaijua pia chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ulioelezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 huko uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi. Huo unaweza kuacha viungo vikiuma kwa miezi, ila huanza na homa kali ya ghafla, nawe hukuitaja. Na UTI? Siku hizi mtu akiingia zahanati na kidole kilichobanwa na mlango atatoka na UTI. Tuendelee.

Kwa wasomaji wengine, kabla hamjajifananisha na Fundi: kiungo kimoja kilichovimba na kuwa cha moto, pamoja na homa, hakisubiri gazeti. Huenda kina usaha ndani, na gegedu linaweza kuharibika katika siku chache. Nenda hospitali leo. Mtoto ambaye maumivu yanamhama, leo goti kesho kiwiko, wiki chache baada ya kuumwa koo, apelekwe haraka, maana huenda ni ugonjwa unaoweza kuishia kwenye moyo. Kichanga anayevimba viganja na nyayo apimwe selimundu.

Tukurudie wewe. Anza kituo cha afya, omba rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Kwa Tanga, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Mabingwa wa viungo hasa ni wachache mno nchini, kwa hiyo usishangae ukielekezwa mbele zaidi, Muhimbili au KCMC. Utapimwa damu, kuona kiwango cha uvimbe mwilini na kipimo cha rumatoidi, na utapigwa eksirei ya mikono. Kipimo cha rumatoidi kisikutishe wala kisikupumbaze: wapo wagonjwa ambao hakioneshi kitu, na wapo wazima ambao kinaonesha. Daktari mzuri atakupapasa vidole kimoja kimoja kabla ya kusoma karatasi. Asipokupapasa, mwombe.

Ikithibitika, dawa zinazozuia ugonjwa zipo, na zinafaa zaidi zikianzwa mapema, mifupa haijaliwa. Haziondoi maumivu kwa siku moja kama bahasha yako. Huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonesha kazi, na wengi huziacha hapo katikati wakidhani zimeshindwa. Inayotumika zaidi ni methotreksati. Humezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki siku nyingine. Wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku, basi chagua siku yako, andika ukutani. Tena haimfai anayenyonyesha, na kwa mjamzito huharibu mimba au kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza mbele ya daktari iwe "nanyonyesha", na ya pili iwe kama unatarajia mtoto mwingine. Zipo zinazoweza kutumiwa na mama anayenyonyesha, kama salfasalazini na haidroksiklorokwini, na yeye ndiye atakayechagua.

Kukandwa je? Kuloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu asubuhi kunalegeza vidole, fanya kila siku ukipenda, na mama mkwe akikuandalia beseni mshukuru. Kinachokatazwa ni maji ya kuunguza, kuchuliwa kwa nguvu juu ya kiungo kilichovimba, na kuchanjwa chale. Mwambie hivi: "Mama, maji ya vuguvugu nakubali, na hospitali nakwenda." Usimpe nafasi ya kuchagua kimoja.

Mumeo naye aende nawe. Asikie kwa masikio yake kwamba kunawiri huko ni dawa, kwamba kuchelewa kuinuka asubuhi si uvivu, na kwamba hadi dawa zishike kazi, vifungo vya shati la mtoto vitafungwa na baba yake. Ujira wa gauni moja unaweza kukusaidia nauli na kipimo cha kwanza, na gauni hilo ulikate jioni, mikono ikiwa imelegea. Nenda wiki hii.