Shule Hufa Polepole

Wazazi wengi hudhani kwamba shule hufungwa siku ile mlango wake unapotiwa kufuli. Sivyo. Shule hufa polepole, na mwenye macho aweza kuuona ugonjwa wake miaka mingi kabla ya maziko. Natutazame habari ya shule moja ya Marekani, tupate kujifunza.

Kusini mwa mji wa Chicago, katika mtaa wa Bronzeville unaokaliwa zaidi na Wamarekani weusi, ipo shule ya sekondari ya serikali iitwayo kwa jina la Walter H. Dyett, mwalimu wa muziki aliyemfundisha Nat King Cole. Mwaka 2012 halmashauri ya elimu ya mji, ambayo wajumbe wake waliteuliwa na meya, iliamua kuifunga kidogo kidogo, kwa hoja kwamba matokeo yake yalikuwa mabaya.

Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Shule ilizuiwa kupokea wanafunzi wapya. Watoto walipopungua, fedha zilipungua. Fedha zilipopungua, walimu na masomo vilipungua. Nao wazazi walioyaona hayo wakawahamisha watoto wao. Mwaka 2015 walihitimu wanafunzi 13 tu. Aliyesema, “Shule hii haina watu,” alisema kweli, lakini hakusema ni nani aliyeiondolea watu.

Funzo la pili latoka kwa wenyeji. Hawakupiga kelele tu. Kwa miaka kadhaa walihudhuria mikutano, wakaandika mpango wao wenyewe wa shule ya uongozi na ufundi wa kutunza mazingira. Uamuzi ulipocheleweshwa, tarehe 17 Agosti 2015 watu 12, miongoni mwao wazazi na mabibi wenye wajukuu, walianza kugoma kula. Mgomo ulidumu siku 34, na baadhi yao walipelekwa hospitali.

Funzo la tatu ni la subira. Tarehe 3 Septemba wakuu wa elimu walitangaza kwamba shule itafunguliwa tena, iwe ya sanaa, nayo ipokee watoto wa mtaa bila kuwachuja kwa mtihani. Mpango wa wenyeji haukukubaliwa, nao wakaendelea na mgomo hata tarehe 19. Mwaka 2016 milango ilifunguliwa. Hawakupata yote waliyoyaomba. Hata hivyo watoto wao walipata shule karibu na nyumbani. Na mwaka 2024 raia wa Chicago walichagua kwa kura, kwa mara ya kwanza, sehemu ya wajumbe wa halmashauri hiyo.

Hatumshauri mtu ajinyime chakula. Uhai si kitu cha kuchezea. Twamshauri kila mzazi aamke mapema. Mwalimu wa hesabu akistaafu, je, amekuja mwingine? Vitabu vya mwaka huu vimefika? Fedha zilizoahidiwa zimepokewa, na zimetumika vipi? Maswali hayo yaulizwe kwa adabu katika mkutano wa wazazi, majibu yaandikwe, na yasiporidhisha yapelekwe kwa wakubwa, tena na watu wengi kwa pamoja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenyeji wa Bronzeville waliujenga ukuta wao kwa njaa. Sisi tungali na nafasi ya kuziba ufa.