Mguu Bandia Unaoshikizwa Mfupani

Mguu bandia wa kawaida huvalishwa kwa soketi inayobana kigutu, na wapo ambao ngozi yao huchubuka hata wasiweze kuuvaa. Kwa hao ipo njia iliyoanza nchini Uswidi mwaka 1990: skrubu ya titaniamu hupandikizwa ndani ya mfupa wa paja, mfupa ukishashikamana nayo, hufanywa upasuaji wa pili, na kipande cha chuma hutokeza nje ya ngozi ili mguu uungwe hapo. Tundu hilo halizibi, nalo ndilo mlango wa maambukizi. Lazima lisafishwe kila siku, maisha yote. Kabla hujaridhia, muulize daktari: kifaa kikilegea au kikivunjika, nani atakitengeneza, na kwa gharama ya nani?