Mercedes au Corniche? Niliyojifunza nikikagua magari ya wazi

Kazi yangu hapa Uingereza ni kukagua magari ya zamani kwa niaba ya wanunuzi. Wakusanyaji wanaopenda gari la paa la kukunja huniuliza sana kuhusu haya mawili: Mercedes-Benz 280 SE 3.5 na Rolls-Royce Corniche. Yote yana V8, viti vinne vya ngozi na dashibodi ya mbao. Yalipishana mlangoni mwaka 1971: Mercedes ilikuwa inaaga, na Corniche ikazinduliwa Machi, wiki chache tu baada ya Rolls-Royce yenyewe kufilisika.

1. Soma namba kabla ya kusifu rangi

Mercedes hii ya wazi yenye injini ya lita 3.5 zilitengenezwa 1,232 tu. Kupe zenye injini hiyohiyo zilikuwa 3,270. Uhaba huo ndio unaopandisha bei, na bei imewafunza watu ujanja: wapo wanaokata paa la kupe, na wapo wanaochukua gari la wazi la silinda sita wakalipachika V8. Fundi akiwa hodari, macho hayatagundua kitu. Namba ya chesisi itagundua. Gari halisi huanza na 111.027, kupe ni 111.026, la wazi la silinda sita, 280 SE, ni 111.025. Tarakimu moja tu, na nyuma yake kuna pesa ya kununulia nyumba. Muuzaji mmoja aliniletea chai na biskuti wakati nazitafuta namba hizo chini ya boneti. Chai ilikuwa nzuri sana, gari sikulipendekeza.

2. Milango husema kweli

Ifunge polepole. Ikikwaruza au ikihitaji kuinuliwa, sakafu na vizingiti vimeliwa na kutu, na bodi imelegea. Puti na rangi mpya havinyooshi bodi iliyopinda.

3. Corniche hulipiwa baada ya kununuliwa

Kwa kawaida Corniche ya miaka ya 1970 huuzwa kwa bei ya chini mno kuliko Mercedes hiyo, maana iliendelea kutengenezwa hadi 1995 na zipo nyingi. Hapo ndipo wanunuzi wanaponasa. Breki zake hazifanani na za magari mengine: pampu zinazoendeshwa na injini hujaza presha kubwa kwenye matangi madogo ya duara, na mfumo huohuo hulisawazisha gari upande wa nyuma. Magari ya mwanzo yanatumia mafuta ya breki yaitwayo RR363. Ya baadaye yanatumia mafuta ya madini. Ukikosea ukatia ya huku kule, sili zote huharibika, na kuzibadilisha ni kulifumua gari.

Kipimo changu ni rahisi. Washa injini presha ijae, izime, acha swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa, kisha kanyaga breki na kuachia, tena na tena. Taa nyekundu ikiwaka baada ya kukanyaga mara chache tu, matangi yamechoka. Mzee mmoja mteja wangu, mzaliwa wa Unguja, alicheka: “Mwanangu, mie nanunua gari au nanunua hospitali?” Nikamwambia, “Vyote viwili, mzee wangu.”

4. Injini zisikutishe

Ile ya lita 6.75 ya Corniche ni imara, na giaboksi yake ni ya General Motors, inayojulikana kwa mafundi wengi. V8 ya Mercedes nayo ni imara, ila sindano zake za mafuta za kielektroniki kutoka Bosch zinamtaka mtu anayezielewa.

5. Ningechukua lipi?

Kwa kuendesha mwenyewe, Mercedes, ingawa paa lake hukunjwa kwa mkono. Ni jepesi, na usukani wake una uhai. Corniche nayo ni ya kusafiria taratibu na wageni watatu, paa likifunguka kwa kubonyeza swichi. Nikipewa ya bei nafuu isiyo na risiti za matengenezo ya breki, siombi punguzo. Narudi nyumbani.