Kompyuta na Dhana ya Uthibitisho katika Hisabati: Tatizo la Rangi Nne

1.0 Utangulizi

Kwa mapokeo, uthibitisho wa kihisabati ni matini: huandikwa na mtaalamu mmoja ili usomwe na mwingine, na nguvu yake hutokana na msomaji kuridhika na kila hatua. Makala haya yanadai kwamba kompyuta haijamwondoa msomaji huyo, bali imembadilishia kazi.

2.0 Kompyuta kama Chombo cha Kukokotoa

Mwaka 1852 Francis Guthrie, akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza, alihisi kuwa rangi nne zatosha ramani yoyote, pasipo maeneo mawili yanayopakana kuwa na rangi moja. Uthibitisho alioutoa Alfred Kempe mwaka 1879 ulikubaliwa kwa miaka 11, hadi Percy Heawood alipoufichua kosa lake mwaka 1890. Yaani, wasomaji walikuwapo, lakini kosa halikuonekana.

Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois walilipunguza tatizo hilo hadi maumbo zaidi ya 1,400, yaliyokaguliwa na kompyuta kwa zaidi ya saa 1,000. Hakuna binadamu aliyeweza kuyapitia yote kwa mkono. Ndipo mwanafalsafa Thomas Tymoczko, mwaka 1979, alipohoji iwapo matini isiyosomeka yastahili kuitwa uthibitisho.

3.0 Kompyuta kama Mhakiki

Mwaka 2005 Georges Gonthier alikamilisha uhakiki wa uthibitisho mzima kwa programu iliyojulikana wakati huo kwa jina la Coq. Tofauti na ile ya 1976, hapa kompyuta haikukokotoa tu. Ilikagua pia kila hatua ya hoja. Lugha ya kawaida humruhusu mwandishi kusema "ni dhahiri kwamba" na kuruka hatua. Lugha rasmi ya programu hairuhusu.

Hata hivyo, programu huhakiki iwapo hitimisho linatokana na fasili zilizotolewa. Haihakiki iwapo fasili hizo zinabeba maana iliyokusudiwa. Mathalani, maeneo yanayogusana kwenye nukta moja tu hayahesabiwi kuwa yanapakana. Yangehesabiwa, dai lenyewe lingekuwa la uongo, kwani vipande vitano vya duara vinavyokutana katikati vingehitaji rangi tano.

4.0 Hitimisho

Msomaji aliyelazimika kukagua maelfu ya hatua sasa hukagua fasili chache. Kazi hiyo ni ya kisemantiki, na haina mashine ya kuifanya kwa niaba yake.