Fontan na ini la binti yangu

Swali: Binti yangu ana miaka 14. Alizaliwa na moyo wenye chemba moja tu ya kusukuma damu, akafanyiwa upasuaji wa Fontan. Hana shida yoyote. Mbona daktari anataka apimwe ini?

Jibu: Mama, daktari yuko sahihi. Upasuaji huo huelekeza damu inayorudi kutoka mwilini moja kwa moja kwenye mapafu, bila kusukumwa na moyo. Ili ipite, presha ya vena hubaki juu usiku na mchana. Damu hutuama kwenye ini, na makovu hujengeka kwa miaka bila maumivu wala macho ya manjano. Usingoje dalili, apigwe ultrasaundi. Wengi waliofanyiwa upasuaji huu hufika utu uzima, wakasoma na kufanya kazi. Ila akivimba miguu au tumbo, au moyo ukimwenda mbio, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.