Somo la Kompyuta: Kupanga Faili za Tovuti ya Masomo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi, wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Maandishi ya masomo nayo ni mali. Leo tutaangalia namna ya kuyapanga ili programu ya Jekyll iyageuze kuwa kurasa za tovuti.

Tunaandika kwa Markdown, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004. Ni maandishi ya kawaida yenye alama chache: # mwanzoni mwa mstari huonyesha kichwa cha habari, na nyota mbili kila upande wa neno hulikoleza wino. Faili huishia na .md na husomeka kwenye kompyuta yoyote. Jekyll, iliyoanzishwa na Tom Preston-Werner mwaka 2008, haihitaji hifadhidata. Inahitaji mpangilio tu.

Tuzingatie haya:

1. Makala iliyo tayari huwekwa katika folda ya _posts. Jina lake huanza na mwaka, mwezi na siku, mfano: 2024-03-11-adabu-za-saumu.md.

2. Makala ambayo haijakamilika hukaa katika _drafts, bila tarehe.

3. Juu kabisa ya faili, baina ya mistari miwili ya vistari vitatu (---), huandikwa maelezo yake, kama vile title: Adabu za Saumu. Kwa sehemu hii Jekyll huitambua faili kuwa ni ya kugeuzwa ukurasa.

4. Majina yawe ya herufi ndogo, na vistari mahali pa nafasi. Linux, inayotumika katika kompyuta nyingi za kuhifadhia tovuti, hutofautisha Saumu na saumu. Kiungo kinachofunguka kwenye Windows chaweza kugoma huko.

La mwisho ndilo zito. Kurasa zilizokamilika huwekwa katika folda ya _site. Tusiandike humo kamwe, kwani Jekyll ikijenga tovuti upya huyafuta tuliyoyaongeza. Faili za .md ni mzizi, na _site ni matawi. Tawi likikatika huchipua tena, lakini mzizi ukipotea hakuna kitakachochipua. Basi tunaponakili kazi kwenye flashi, tuhakikishe tumechukua mzizi.

Zoezi: Andika muhtasari wa somo moja la fiqhi kwa Markdown, uupe jina sahihi, kisha utaje folda unayostahili kuwekwa, na sababu.

Wabillahi tawfiq.